Mlafi na Punda

Kwanza ilikuwa sauti. Kra, kra, kra, kama kuku anayeparura bati, ikitoka nyuma ya dirisha lililofungwa la ukumbi mdogo pale Tangini. Nilisimama nje na fomu yangu mkononi nikisikiliza. Sauti ilinyamaza, kisha ikaanza tena kwa mwendo uleule, bila haraka. Nilipoingia nilimkuta mwanamke wa makamo, mtandio shingoni, miwani juu ya kichwa, akiburuza vizibo vya soda juu ya meza ya bati. Vilikuwa vinne. Anavipanga kwa mstari, anaandika kitu daftarini, anavivuruga, anavipanga upya.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Subiri kidogo, nipo ya kumi na tisa."

Namna za kuvipanga zilikuwa ishirini na nne. Nilizisubiri zote nikiwa nimesimama, na alipomaliza aliniangalia kana kwamba mtihani wa kuingia darasani nilikuwa nimeshaufanya.

Sisi tulimwita Mwalimu tu. Alifundisha kuandika programu za kompyuta, jioni siku za kazi na asubuhi Jumamosi, katika ukumbi wa kukodi uliokuwa na mashine sita na feni moja. Wanafunzi tulikuwa mchanganyiko: makarani waliotaka kupanda cheo, wasichana tuliomaliza kidato cha sita tukiwa hatujui pa kwenda, na dereva wa bodaboda mmoja aitwaye Shabani, aliyekuja na kofia yake ya chuma na kuiweka juu ya meza kama mgeni wa heshima.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kuchagua. Kila kazi ya kuchagua, alisema, ina wafanyakazi wawili wanaoomba kuajiriwa. Mmoja ni mlafi. Huyo anakaa mbele ya sinia, anachukua mnofu mkubwa anaouona, kisha mkubwa unaofuata, na hageuki nyuma. Mwingine ni punda. Huyo anabeba vyote: anajaribu kila mpango uliopo, wa kwanza hadi wa mwisho, ndipo anakuambia upi ni bora. Vitabu vyetu vilikuwa vya Kiingereza na vilikuwa na majina yao makubwa, lakini baada ya wiki moja hakuna aliyeyatumia. Hata makarani walisema mlafi na punda.

"Mlafi ni mwepesi ila anaweza kukosea," alisema. "Punda hakosei, ila anaweza kufa njiani kabla hajafika. Vizibo vinne, mipangilio ishirini na nne. Vitano, mia na ishirini. Kumi, milioni tatu na zaidi ya nusu. Shabani, vikiwa ishirini?"

"Punda amekufa, Mwalimu."

"Amekufa, amezikwa, na arobaini yake imepita."

"Lakini Mwalimu, huyu mlafi hana adabu. Anajipakulia tu."

"Ana adabu kuliko wewe. Yeye akishaacha kitu hakirudii."

Darasa zima lilicheka, maana Shabani alikuwa ameachana na mchumba wake na kurudiana naye mara tatu mwaka ule.

Watu waliomjua juu juu walidhani alikuwa mtu wa punda. Walimwona na vizibo vyake, na lile daftari lake la mistari iliyohesabiwa, wakasema huyu mama hana raha mpaka ajaribu vyote. Haikuwa kweli. Ukumbi ule ulikuwa na wapangaji wengi, na siku ya Jumamosi kila mmoja aliutaka kwa saa zake. Kwaya waliomba saa mbili hadi saa sita. Kina mama wa kushona, saa tatu hadi saa nne. Sisi, saa nne hadi tano na nusu. Vijana wa maigizo, tano na nusu hadi saa saba. Mwenye ukumbi alichoka na ugomvi akampa Mwalimu kazi ya kupanga. Hakugusa kizibo hata kimoja. Alimtafuta anayemaliza mapema kuliko wote akamwandika wa kwanza, kisha anayemaliza mapema miongoni mwa waliobaki ambao hawagongani naye, akaendelea hivyo hadi chini ya ukurasa.

Kiongozi wa kwaya alikuja na ile karatasi mkononi.

"Mwalimu, sisi tuliomba kwanza."

"Najua, mzee wangu."

"Na tuko wengi kuliko hawa wote."

"Najua."

"Na sisi tunamwimbia Mungu."

"Na Mungu hafungi saa sita. Mtamwimbia saa nane, ukumbi mzima wenu mpaka jioni."

Yule mzee alicheka akiwa bado amekasirika. Mwalimu akamkalisha, akamchorea kwenye ubao jinsi kikundi kimoja kinachoanza mapema na kukaa sana kinavyowafungia nje vikundi vitatu. "Anayemaliza mapema anawaachia wenzake nafasi kubwa," alimwambia. "Hapa mlafi hakosei kamwe. Nimelithibitisha. Kumsumbua punda hapa ni dhambi." Jumamosi iliyofuata kwaya iliimba saa nane, na iliimba vizuri.

Sokoni ndiko alikokuwa mlafi kupita kiasi. Nilimbebea kikapu mara nyingi pale Maili Moja na sikuwahi kumwona akivuka meza ya kwanza. Nyanya ya kwanza iliyokuwa nzima ilikuwa nyanya yake. Mimi nilikuwa nimelelewa na mama anayezunguka soko mara mbili kabla hajafungua pochi, kwa hiyo nilimsogelea nikamnong'oneza kwamba kule mwisho zipo nzuri zaidi.

"Zipo," alisema, akiendelea kuchagua. "Na nikikosea nyanya, nani atalia?"

Nikamsogezea kikapu.

"Hilo ndilo swali la kwanza, binti. Kabla hujauliza ziko ngapi, uliza ukikosea nani atalia. Kama hakuna, mwite mlafi, uende nyumbani ukapike."

Jambo moja tu la nyumbani kwake ndilo ninalojua kuwa lilibebwa na punda, na nililisikia kutoka kwake mwenyewe, siku umeme ulipokatika na wenzangu wakaondoka. Mumewe alipofariki aliacha begi la safari lenye kufuli la tarakimu tatu. Hakuna aliyejua namba. Shemeji zake walitaka kulichana kwa kisu. Yeye alikuwa kwenye eda, amekaa ndani, na aliwaambia waliache. Alianza na sifuri tatu. Kila siku baada ya adhuhuri alikaa kitandani na begi mapajani akazungusha vile vigurudumu, namba kwa namba, akiweka alama daftarini alipoishia ili asirudie.

"Ningeweza kubahatisha," aliniambia. "Mwaka wa kuzaliwa, namba ya nyumba. Watu wote waliniambia nibahatishe. Lakini nilijua hazizidi elfu moja. Kila kitu kingine wakati ule hakikuwa na mwisho, mwanangu. Hili lilikuwa na mwisho."

Lilifunguka siku ya sita. Ndani kulikuwa na mashati mawili, wembe, na paketi ya biskuti ambayo Mwalimu alimfungia mumewe kwa mkono wake mwenyewe, haijaguswa. Nilimuuliza alifanya nini. Alisema alikula biskuti.

Sasa nifike kwenye kasha, maana bila kasha sina haki ya kumwandika.

Nesi mmoja wa zahanati ya upande wa Kibuta, aliyewahi kusoma kwa Mwalimu, alikuja Tangini siku moja na shida yake. Kila mwezi alipanda nyuma ya pikipiki na kasha la chanjo mapajani, akazungukia vituo saba vya vijijini kwa siku moja. Kasha lilikuwa kuukuu, kifuniko kimelegea, na lilifunguliwa kila kituo. Barafu haikudumu siku nzima. Kipimajoto cha ndani kikishavuka mstari, dawa haidungwi. Watoto waliobaki wanarudi nyumbani bila chanjo. Alitaka mpango wa kupita vituo vyote saba kabla barafu haijaisha.

Mwalimu alinipa mimi. Nilikuwa na haraka kuliko wote darasani na nilijulikana hivyo. Nilipiga simu kila kituo nikauliza umbali wa kwenda kwa jirani zake.

"Si mbali, mwanangu," aliniambia mzee wa kwanza. "Ni hapo tu. Ukivuka kibonde umefika."

Wa pili akasema hapo tu. Wa tatu akasema hapo hapo, hata jua halijakuchoma. Nami ni mtoto wa pwani hiyo hiyo, nilipaswa kujua. Kwetu mgeni hatishwi kwa umbali. Ukimwambia ni mbali atadhani humtaki. Watu wale walikuwa wananikaribisha, na mimi nikachukua ukarimu wao nikauandika kwenye kompyuta kuwa dakika kumi.

Halafu nikamwita mlafi. Kutoka zahanati, nenda kituo kilicho karibu. Kutoka hapo, kilicho karibu kati ya vilivyobaki. Kompyuta ilimaliza kabla sijaondoa kidole. Mstari mzuri ulitokea kwenye kioo, ukirukaruka kama mbuzi kutoka kijiji hadi kijiji, na mwishoni kabisa ukanyoosha mguu mmoja mrefu hadi kituo cha ng'ambo ya Vihingo. Nesi alikuwa anaondoka alfajiri ya kesho yake. Mwalimu aliutazama ule mstari, akaangalia saa, akasema, "Haya, mpe." Ndiyo siku pekee niliyomwona hakuhesabu.

Vituo sita vilichanjwa vizuri. Cha saba nesi alifika saa kumi na moja jioni. Kina mama walikuwa wamekaa chini ya kibaraza cha ofisi ya kijiji tangu asubuhi. Alifungua kasha, akaona maji matupu na kipimajoto kimevuka mstari, akalifunga tena mbele yao.

Mwalimu alipopata habari hakunigombeza. Aliniambia nivae viatu vya kutembelea. Tulikwenda mpaka kule, yeye na mimi, na kwenye kibaraza kile kile alisimama mbele ya wanawake kama ishirini akasema kosa lilikuwa lake, si la nesi wala la pikipiki, na kwamba amekuja kuomba radhi. Nilitaka kusema lilikuwa langu, alinikanyaga mguu. Mama mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mtoto ndiye aliyejibu, kwa upole kabisa.

"Hujatukosea, dada. Sisi tumeshazoea kuwa wa mwisho."

Tukaanza safari ya nusu siku ya kurudi Tangini.

Kesho yake alimchukua Shabani na pikipiki yake. Kwa wiki nzima alikaa nyuma, saa mkononi, wakapima kila njia kutoka kila kituo hadi kila kingine na hadi zahanati, njia ishirini na nane. Ile "hapo tu" ya kwanza ilikuwa dakika arobaini. Shabani alirudi na vumbi mpaka kwenye kope akatuambia, "Huyu mama ni noma. Njia moja nimemwambia Mwalimu tukadirie, akanirudisha mwanzo." Kisha Mwalimu akamwita punda. Vituo saba vina mipangilio elfu tano na arobaini, na mashine yetu mbovu iliimaliza yote kabla maji ya chai hayajachemka. Ule bora ulianza na ng'ambo ya Vihingo na kurudi nyumbani polepole.

Nesi aliusoma akashtuka. "Yaani niwapite watu wa hapa jirani, nawaona, bila kusimama? Watanisema mpaka nihame."

"Watasema," alisema Mwalimu. "Nitakwenda kuwaeleza mimi."

Akaenda, kituo kwa kituo, na vizibo vyake. Mwezi uliofuata nesi alitutumia picha kutoka kile kibaraza cha ofisi ya kijiji. Haikuwa na mtu hata mmoja. Ilikuwa picha ya kasha lililofunguliwa, na ndani yake barafu bado ina kona.

Toka siku ile nilimchukia mlafi. Nilimaliza kozi, nikapata kazi, nikajulikana kuwa mtu anayejaribu vyote. Nilidhani hilo ndilo alilonifundisha.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya masika, nilimfuata Kibuta. Alikuwa amehamia kwenye nyumba ya marehemu mama yake, nyumba ya vyumba vitatu yenye mikorosho nyuma. Nilimkuta sebuleni akimenya mihogo kwenye ungo. Macho yalikuwa yamepungua nguvu. Alinitambua kwa sauti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda au ni macho yangu?"

"Ni kazi."

Nilimweleza kazi yenyewe. Nilikuwa nimepewa kupanga safari za chanjo kwa vituo thelathini na viwili: gari moja, siku nne, makasha mapya lakini barabara zilezile. Timu ilikuwa inangoja mpango wangu tu. Mvua ikianza, vituo tisa vya mwisho vingekatika, na watoto wa kule wangengoja mpaka jua la katikati ya mwaka.

"Thelathini na viwili," alisema. "Hujamwita punda, natumaini."

"Hapana. Kwanza nilipanga kwa mlafi, ila nikamwanzisha mbali. Kila siku inaanza na kituo kigumu kuliko vyote vilivyobaki. Tumepima njia zote wenyewe, hakuna ya kuambiwa. Mpango huo ulikuwa tayari wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu."

"Sikuutuma. Najua si bora kuliko yote. Kwa hiyo nimeiacha mashine inabadilisha kituo kimoja kimoja, ikipata nafuu inashika hiyo, inaendelea. Bado inapata. Juzi dakika mbili, jana dakika moja."

Aliweka kisu chini. "Nisomee. Ule wa wiki tatu. Kituo cha mwisho wa siku, kile kibaya kabisa, barafu inabaki muda gani?"

Nilifungua kompyuta juu ya mkeka nikamsomea. "Saa moja na nusu."

"Na huu wa jana, uliouhangaikia wiki tatu?"

"Saa moja na dakika thelathini na nane."

Nje kulikuwa na mtu anakata kuni.

"Hizo dakika nane anazihitaji nani?"

Nilitafuta. Nilipita kichwani mwangu vituo vyote thelathini na viwili, watoto, kina mama, dereva, nesi, na sikumpata mtu.

"Unazihitaji wewe," alisema. "Una deni na wale wanawake na unataka kuwalipa kwa njia isiyo na dosari. Wao hawakuomba hiyo. Waliomba barafu."

"Mwalimu, mimi nilikosea mara moja kwa haraka."

"Ulikosea kwa sababu hukumtazama wa mwisho. Mimi pia sikumtazama. Sasa umemtazama, umempima, ana saa moja na nusu. Unangoja nini tena? Ukichelewa wiki mbili atakuwa na mto." Akainua ungo akausogeza ukutani. "Ulinielewa nusu, mwanangu. Punda na mlafi wote ni watumishi. Ulipomfukuza mmoja, umemfanya mwingine bwana wako."

Nilisema nitautuma nikifika Kibaha, baada ya kuupitia mara moja tu. Alisimama. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Aliifunga kompyuta mwenyewe, akaipapasa mpaka akapata mfuko wake, akanitia mikononi.

"Mtandao upo pale kwenye kijiwe cha bodaboda. Si hapo tu. Ni dakika tisa kwa miguu, nimepima. Utautuma ule wa kwanza, ukiwa umesimama, kabla hujapanda chochote."

"Hata muhogo sijala."

"Utarudi kuula watoto wakishachanjwa."

Kwetu mgeni husindikizwa. Hata kama mmegombana, mwenyeji hutoka nawe, avuke uwanja, afike njia panda, mzungumze la mwisho na la mwisho kabisa. Nilisimama kizingitini nikavaa viatu polepole, nikingoja mtandio wake utoke nyuma yangu, maana nilikuwa na hakika kwamba njiani ningemweleza habari ya kituo kimoja, kimoja tu, ambacho kikibadilishwa siku ya pili kingeweza kuongeza labda dakika tatu. Nikashuka ngazi. Nikageuka na mdomo wazi.

Alikuwa ameshafunga mlango.